Gari Letu Lilikufa kwa Ugonjwa Gani?

*Hotuba hii ilitolewa na mfanyakazi wetu wa maendeleo ya jamii katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa karibu vile ilivyosemwa, kwa sababu vikundi vingi vimetuuliza juu ya kununua pikapu. Someni pamoja kwenye mkutano wenu, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho.*



Nimeombwa niongee juu ya pikapu. Kwenye ratiba imeandikwa "Jinsi ya Kununua Pikapu". Naomba ruhusa nibadilishe kidogo. Kununua ni kazi ya siku moja. Mkiwa na pesa mfukoni, hata kesho asubuhi mtapata mtu wa kuwauzia, na atawaletea soda. Kazi iko kesho kutwa yake, na siku zote zinazofuata. Kwa hivyo leo tutaongea juu ya kununua, lakini zaidi juu ya kukaa na gari.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, na si kisa cha kujisifu.

Gari lililokaa juu ya mawe

Mwaka wa 2011 nilikuwa nimemaliza diploma yangu si zamani sana, na nilikuwa na haraka ya kuona maendeleo. Nilipewa kikundi kimoja cha wakulima wa viazi, wanachama 32. Walikuwa wamechoka na madalali. Dalali anakuja shambani, anasema bei yake, na mkulima hana la kufanya kwa sababu viazi vimeshachimbwa na mvua inakuja. Wakaamua: tununue pikapu yetu, tupeleke viazi sokoni sisi wenyewe.

Kila mmoja alitoa shilingi 10,000. Wengine waliuza mbuzi. Kulikuwa na nyanya mmoja mjane ambaye aliuza ndama wake wa pekee. Zikapatikana shilingi 320,000, na tukanunua pikapu kuukuu ya tani moja kwa 300,000. Siku ile akina mama waliimba kutoka barabara kuu mpaka kwa mwenyekiti.

Mradi ule niliuandika mimi. Niliandika ukurasa mzima wa faida inayotarajiwa. Sikuandika hata mstari mmoja juu ya tairi.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Kila baada ya miezi mitatu walihesabu pesa, wakatoa ya mafuta na ya dereva, iliyobaki wakagawana. Mwaka wa pili tairi zikaisha. Hakukuwa na pesa, zikanunuliwa mitumba kwa mkopo. Kisha klachi. Kisha dereva hakulipwa miezi miwili, naye akaanza kubeba mizigo yake usiku ili ajilipe. Injini ilikuwa inavuja oili, na kila mtu alifikiri mwingine anaangalia. Siku moja mlimani oili ikaisha, injini ikanoki, na hapo ndipo mwisho.

Walilivuta mpaka kwa mwenyekiti, wakaliweka juu ya mawe. Kuku wakaanza kutagia ndani. Baada ya mwaka mmoja liliuzwa kama chuma chakavu, shilingi 48,000. Kila mtu alipata 1,500 kati ya zile 10,000 alizotoa.

Siku ya kugawana hizo 1,500, yule nyanya aliniuliza mbele ya watu wote: "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu tuambie, gari letu lilikufa kwa ugonjwa gani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema injini, nikasema barabara mbaya. Lakini nilijua sisemi ukweli, kwa sababu barabara ile ile ilikuwa na pikapu nyingine kuukuu kuliko yetu, na zilikuwa zinatembea. Leo nataka tumjibu nyanya huyo pamoja.

Kwanza: mna kazi ya gari, au mna hamu ya gari?

Msicheke. Hamu ya gari ni kitu cha kweli. Kikundi chenye pikapu kinaheshimiwa.

Lakini gari lina gharama ambazo hazilali. Likitembea au likisimama, bima inataka kulipwa, dereva anataka mshahara, na gari lenyewe linazeeka. Kama kazi yenu ni siku mbili tu kwa wiki, mara nyingi ni afadhali kukodi gari la mtu kwa safari, au kutumia bodaboda ya magurudumu matatu, au mkokoteni wa punda mpaka barabara ya lami.

Kabla ya kuchanga hata shilingi moja, chukueni daftari na muandike kwa miezi mitatu: tulikuwa na mizigo siku ngapi, magunia mangapi, kwenda wapi, na tulilipa ngapi. Daftari hilo ndilo litawaambia kama mnahitaji gari. Kama mtashindwa kuandika daftari hilo miezi mitatu, basi jibu mmeshapata: hamtaweza kukaa na gari.

Pili: hesabu ya kilomita moja

Hapa naomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo sisi tulianguka. Waweka hazina, andikeni.

Tuchukue mfano. Bei ninazotumia ni za mfano tu, nyinyi wekeni bei za kwenu. Pikapu ya tani moja inatoka kijijini kwenda sokoni kilomita 30, na kurudi 30. Hizo ni kilomita 60 kwa siku. Inafanya kazi siku 5 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Siku 250 mara kilomita 60 ni kilomita 15,000 kwa mwaka. Kila kilomita inakula nini?

Mafuta: lita moja inakwenda kilomita 10. Tuseme lita ni shilingi 180. Hiyo ni shilingi 18.00 kwa kilomita. Bei yenyewe mtaiangalia kila tarehe 14 ya mwezi, wakati EPRA hutangaza bei mpya.

Dereva: shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 15,000: shilingi 12.00.

Bima, ukaguzi na kodi: tuseme 60,000 kwa mwaka. Shilingi 4.00.

Sevisi: 9,000 kila kilomita 5,000. Shilingi 1.80.

Tairi nne: 48,000, na kwa barabara zetu tuseme zinaisha kwa kilomita 30,000. Shilingi 1.60.

Klachi, breki, shokamzoba na springi: 60,000 kila kilomita 30,000. Shilingi 2.00.

Gari lenyewe: tuseme tumelinunua 900,000, na baada ya miaka 5 tutaliuza 400,000. Limepoteza 500,000 kwa kilomita 75,000. Shilingi 6.67.

Jumlisheni. Ni shilingi 46 kwa kilomita. Kwa safari ya kilomita 60 ni shilingi 2,760.

Sasa mnabeba magunia 20 ya kilo 50, hiyo ndiyo tani moja kamili. Mnalipisha shilingi 150 kwa gunia. Mmepata 3,000. Mkitoa 2,760, faida ni shilingi 240 kwa siku. Mkibeba magunia 18, mmepata 2,700 na mmekula hasara. Na kumbukeni, magunia yale ya kwenda ndiyo yanalipa pia safari ya kurudi. Gari likirudi na mbolea, simiti au bidhaa za duka, hapo mmeongeza kitu. Likirudi tupu, magunia ya viazi yamebeba mzigo mara mbili.

Sasa sikilizeni sisi tulihesabu vipi. Tulitoa mafuta na dereva peke yake. Hiyo ni shilingi 30 kwa kilomita, 1,800 kwa siku. Kwa hesabu ya namna hiyo, mkipata 3,000 mnaona mna faida ya 1,200 kila siku. Kwa siku 250 ni shilingi 300,000 kwa mwaka! Mnagawana, mnafurahi. Lakini faida ya kweli ni 240 mara 250, yaani shilingi 60,000 tu. Zile 240,000 nyingine ni nini? Ni tairi, ni klachi, ni sevisi, ni bima, ni gari lenyewe. Mmegawana gari, kipande kwa kipande, na hamjui.

Kwa hivyo sheria ni hii. Shilingi 16 katika kila kilomita si zenu, ni za gari. Kwa siku ya kilomita 60 ni shilingi 960. Zitolewe jioni ile ile, ziwekwe kwenye akaunti yake peke yake, kabla ya mtu yeyote kusema neno faida. Kikundi kimoja ninachokijua huita akaunti hiyo "chakula cha gari". Hakuna mkopo wa mwanachama unaotoka hapo, hakuna mchango wa harusi unaotoka hapo.

Mtaniuliza, basi kama faida ni 240 kwa siku, kwa nini tununue? Swali zuri. Faida ya pikapu ya kikundi mara nyingi haiko kwenye nauli, iko kwenye bei ya gunia. Kama dalali shambani anatoa shilingi 300 pungufu ya bei ya sokoni kwa kila gunia, magunia 20 ni shilingi 6,000 kwa siku zinazobaki kwa wanachama. Andikeni bei zote mbili, ya shambani na ya sokoni, kila safari. Siku tofauti hiyo ikiwa ndogo kuliko nauli, gari libaki nyumbani.

Tatu: gari la namna gani?

Nunueni gari ambalo spea zake zinapatikana katika mji ulio karibu nanyi, na ambalo mafundi wa jua kali wa kwenu wamelizoea. Hiyo ni muhimu kuliko rangi na kuliko mwaka. Zamani katika nchi hii kila mtu alijua Peugeot 504 pikapu, na fundi aliyezaliwa nayo alikuwa kila soko. Leo ni Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Nissan na kadhalika. Tembeeni sokoni kwenu muhesabu ni zipi zinafanya kazi huko. Zile zilizo nyingi ndizo fundi anazijua.

Jihadharini na vile vipikapu vidogo vya Kijapani vya injini ya 660. Ni vizuri, vinakula mafuta kidogo, lakini vimetengenezewa mzigo wa kilo 350. Hizo ni magunia 7 ya kilo 50. Kwa mboga, mayai au maziwa, sawa. Kwa viazi, mtakivunja mgongo mwezi wa kwanza.

Kama mnafikiria kuagiza gari kutoka nje, jueni kwamba Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Mtu akiwaambia anaweza kuwaletea la miaka 12, muageni kwa heshima.

Nne: siku ya kwenda kuangalia gari

Nendeni watatu, na fundi wenu wenyewe mliyemlipa nyinyi. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni wa muuzaji.

Fikeni asubuhi mapema, na muombe gari lisiwashwe kabla hamjafika. Injini baridi haifichi ugonjwa. Likiwashwa, angalieni moshi. Moshi wa bluu unamaanisha injini inachoma oili. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, pengine maji yanaingia ndani, gasketi imekwisha. Moshi mweusi mwingi, mafuta hayachomeki vizuri. Fungueni kifuniko cha oili: mkikuta kitu kama maziwa ya chai, maji yamechanganyika na oili. Rudini nyumbani.

Ingieni chini ya gari. Pikapu ya mizigo huvunjika chasisi, hasa mahali springi za nyuma zinaposhikilia. Tafuteni kutu, nyufa, na mahali palipochomelewa kisha pakapakwa rangi mpya. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ina sababu yake.

Ulizeni belti ya taimingi ilibadilishwa lini, kama injini ni ya belti. Muuzaji akisema hajui, badilisheni nyinyi kabla ya kuanza kazi, kwa sababu ikikatika inaweza kuharibu injini nzima.

Angalieni tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne. Kwa mfano 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ni mzee.

Mwisho, lipakieni mzigo na mpande nalo mlima. Gari tupu kila moja ni zuri.

Tano: jina kwenye logbuku

Hapa urafiki mwingi umevunjika. Kikundi kinanunua gari kwa jina la mwenyekiti "kwa sababu ni haraka". Mwenyekiti ni mtu mzuri, hakuna anayebisha. Lakini mwenyekiti ni binadamu. Akifa, gari ni mali ya marehemu, na watoto wake watakuja na logbuku mkononi. Akikopa, logbuku inaweza kuwekwa rehani. Akigombana nanyi, ataondoka na gari na polisi watamsalimia, maana karatasi ni yake.

Kwa hivyo kikundi kiandikishwe kwanza. Siku hizi vikundi vinaandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Muwe na cheti, katiba, akaunti ya benki na PIN ya KRA ya kikundi, na gari liandikishwe kwa jina la kikundi. Ikichukua mwezi mmoja zaidi, subirini.

Kabla ya kulipa, tafuteni rekodi ya gari kutoka NTSA. Itawaonyesha mwenye gari ni nani, na kama kuna benki inayolidai. Namba ya chasisi iliyo kwenye chuma isomwe kwa sauti, mwingine akifuata kwenye logbuku. Isipolingana hata tarakimu moja, acheni. Na pesa zipitie benki, si kwenye bahasha.

Juu ya bima: ile ya mtu wa tatu inalazimishwa na sheria, lakini hailipi gari lenu likianguka. Elezeni kampuni ya bima wazi kwamba mnabeba mizigo ya watu kwa malipo. Kama mmeandika ni matumizi ya binafsi, siku ya ajali mtaonyeshwa karatasi yenu wenyewe. Na watu wasipakiwe juu ya mizigo. Najua siku ya soko ni ngumu, mama yuko njiani na mtoto mgongoni. Lakini bima ya mizigo haimjui mama huyo, na gari likipinduka hamtaweza kumrudishia mtoto wake.

Sita: kulitunza

Hapa nitakuwa mfupi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, dakika kumi: oili kwa kijiti, maji ya rejeta, mafuta ya breki na ya klachi, upepo wa tairi, nati za magurudumu, waya za bateri, taa. Chungulieni chini: kuna tone la kitu lililodondoka usiku? Kama tungetazama tone hilo mwaka ule, leo nisingekuwa na kisa cha kuwaambia.

Rejeta ikiwa moto isifunguliwe, inachoma uso. Maji ya mtoni yasiwekwe kila siku, yanaleta kutu. Filta ya hewa katika vumbi letu ipigwe upepo mara kwa mara, na ibadilishwe ikichoka. Oili ibadilishwe kwa kilomita, si kwa kuonja au kwa kukumbuka. Kama kitabu cha gari hakisemi vingine, mimi huwashauri watu kilomita 5,000, maana njia za Nyandarua wakati wa mvua ya Aprili, gari linafanya kazi mara mbili.

Na mzigo. Tani moja ni tani moja. Tangu kanuni za viazi za mwaka 2019, gunia halitakiwi kuzidi kilo 50. Tulizoea kusema sheria hiyo inamlinda mkulima, na ni kweli. Lakini inalinda pikapu pia. Lile gunia lililoongezwa kichwa cha wavu juu linaweza kufika kilo 90. Magunia 20 ya namna hiyo ni kilo 1,800, na dereva anasema "nimebeba 20 tu". Pimeni kwa mizani.

Saba: daftari la safari

Mkisahau mengine yote, hili mlibebe nyumbani. Ndani ya gari kuwe na daftari. Kila safari: tarehe, kilomita za kuondoka, kilomita za kurudi, mzigo wa nani, magunia mangapi, pesa ngapi, mafuta lita ngapi. Kama saa ya kilomita imeharibika, hicho ndicho kitu cha kwanza kutengeneza, hata kabla ya redio.

Daftari hilo ni daktari. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita likianza kwenda 7, kuna mambo mawili: injini inaugua, au kuna mtu ananyonya mafuta kwa mpira. Kilomita zikiwa nyingi kuliko safari zilizoandikwa, gari linatembea usiku. Hamhitaji kugombana wala kushuku mtu. Mnasoma.

Kazi zigawanywe. Anayeshika funguo asishike pesa, anayeshika pesa asiandike daftari. Malipo yaingie kwenye namba ya M-Pesa ya kikundi, yasiingie kwa simu ya dereva. Dereva awe na leseni halali na barua ya kazi, alipwe mshahara wake kwa tarehe. Dereva asiyelipwa atajilipa. Hilo sisi tulijifunza kwa machozi, na kusema kweli kosa halikuwa lake.

Nane: msiba, harusi na mgonjwa

Gari la wote kila mtu ni mwenyewe. Diwani wa zamani anataka kwenda kuchukua shemeji. Mwanachama ana msiba. Mkikataa mnaitwa watu wabaya, mkikubali gari linaisha.

Kaeni chini kabla gari halijanunuliwa, na muandike. Vikundi vingine vimekubaliana hivi: harusi inalipa bei kamili. Msiba wa mwanachama unalipa gharama ya kilomita tu, ile 46 ya mfano wetu, na kikundi kinasamehe faida. Mgonjwa mahututi hasubiri pesa, anapelekwa, na kilomita zake zinalipwa na mfuko wa jamii wa kikundi. Mnaona? Hata huruma imeandikwa kwenye daftari. Gari lisilopewa chakula chake ndilo linaloshindwa kuwaka usiku mgonjwa anapolihitaji.

Kumjibu nyanya

Miaka kadhaa baadaye nilirudi kwa yule nyanya. Nilikuwa nimefanya hesabu hii yote kwenye karatasi, nikamsomea polepole, akisikiliza huku anachambua maharagwe. Nikamwambia, "Nyanya, gari letu lilikufa kwa njaa. Tulikula chakula chake kila miezi mitatu. Na mimi ndiye sikuwaambia."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi ile siku ya 1,500 haikuwa siku ya kugawana. Tulikuwa tumeshaligawana likiwa bado linatembea."

Halafu akaniuliza kama kuna kikundi kingine kinachotaka kununua gari. Nikasema vipo vingi. Akasema, "Enda uwaambie kabla hawajauza ndama."

Ndiyo maana nimekuja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika miezi mitatu iliyopita tulikuwa na mizigo siku ngapi? Tunajuaje?

2. Fanyeni hesabu ya kilomita moja kwa bei za kwenu. Mwanachama yuko tayari kulipa ngapi kwa gunia?

3. Gari, shamba au mashine ya kikundi chetu imeandikwa kwa jina la nani leo?

4. Tuna mali gani sasa ambayo tunagawana faida yake bila kuweka akiba ya kuitengeneza?

5. Nani atashika funguo, nani pesa, nani daftari? Na nani atawakagua, mara ngapi?